Maswali Yenu Kuhusu Chai ya Mkandaa (Chai Isiyotiwa Maziwa)

Nachemsha majani nusu saa ili chai ikolee, lakini huwa chungu. Nizidishe sukari? (Mwanakwerekwe)

Hapana. Swali hili hunifikia kila mara kwa maneno tofauti na jibu langu halijabadilika: kinachochemshwa ni maji, si majani. Maji yakishatokota, epua, tia kijiko kimoja kidogo cha majani kwa kila kikombe, funika birika, subiri dakika 3 hadi 5, kisha chuja yote kwa pamoja. Majani ya chembechembe tunayouziwa madukani yamepita kwenye mashine za kukata na kuchana, kwa hiyo hutoa rangi upesi sana, na ukiyaacha motoni kinachoendelea kutoka ni ule ukali unaokausha ulimi. Hapo ndipo tunapomimina sukari vijiko vinne, tukaongeza hiliki, tangawizi na mdalasini, huku nyumba nyingi zina mgonjwa wa kisukari. Sina ugomvi na viungo, maana ndivyo vilivyotulea. Ninachokataa ni kuvifanya sanda ya jani tulilokwisha kuliua.

Chai yangu hufanya utando juu. Je, nimeuziwa majani mabovu? (Jambiani)

Usiyasingizie majani. Visima vya upande wenu vimechimbwa katika jiwe la matumbawe, na maji yake hubeba chokaa, ileile inayoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Chokaa hiyo ikikutana na vilivyomo katika jani, chai hupoteza wekundu wake na kuwa nyeusi iliyofifia. Itie katika gilasi uitazame karibu na dirisha: juu yake hutanda ngozi nyembamba inayometameta kama mafuta, na ukiigusa kwa kijiko hupasuka vipande vipande, vikaganda pembeni mwa gilasi. Utando huo haudhuru, bali hudumaza ladha. Tone la ndimu huuondoa, lakini dawa yenyewe ni maji. Kinga maji ya masika katika chombo safi, yachemshe, pika chai kwa majani yaleyale, kisha zionje zote mbili sambamba. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilidhani nimebadilishiwa pakiti.

Mchaichai na mchai ni mmea mmoja? (Michenzani)

La. Mchaichai ni nyasi na mchai ni mti. Nimelijibu hili mara nyingi mno, tafadhalini, lisirudi.

Chai ya kijani hutoka mti gani? (Chake Chake)

Huohuo. Jani la chai nyeusi hunyaushwa, husagwa, kisha huachwa lipate hewa mpaka rangi igeuke. La kijani huwahiwa kwa joto kabla halijageuka.

Nina shamba Wete, kisiwani Pemba. Nipande chai? (Wete)

Mvua unayo, na mchai huota hata kwenye tambarare za joto za Assam, India, ilimradi udongo uwe na asidi na maji yasituame. Hata hivyo, chai ya Tanzania hutoka nyanda za baridi, Mufindi, Njombe, Rungwe na Usambara, ambako ubaridi hulifanya jani likue polepole na kukusanya ladha. Tatizo lako kubwa zaidi ni kiwanda: majani mawili na chipukizi, yakishachumwa, huanza kubadilika papo hapo na hutakiwa kufika kiwandani siku ileile, hivyo kuyavusha bahari ni kuyatupa. Panda miche miwili mitatu uani ujifunze, lakini usiukate mkarafuu hata mmoja kwa ajili yake.

Chai hunukia karafuu ingawa sikutia. (Mkoani)

Umeiweka chumba kimoja na magunia. Jani kavu hunyonya kila harufu iliyo jirani nalo, iwe ya karafuu, dagaa au sabuni. Tumia mkebe wa bati wenye mfuniko unaobana.

Mke wangu ni mjamzito na ameambiwa damu ni pungufu. Aache chai? (Kiembesamaki)

Si lazima aiache, ila asiinywe pamoja na chakula, kwa kuwa chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, hasa yale yatokayo kwenye mchicha, kunde na maharage. Apishanishe kwa saa moja au zaidi, na vidonge alivyopewa kliniki avimeze kwa maji matupu. Nimewaona wengi wakiviteremshia kwa chai ya asubuhi, kisha wakalalamika kuwa dawa haifanyi kazi.