Empanada kuvuja: poza nyama kwanza

Dada, umeuliza kwa nini empanada zako (vile vitafunio vya Amerika Kusini vya unga uliokunjwa na kujazwa, mfano wa sambusa) zinapasuka na kuvuja kwenye oveni. Nadhani unajaza nyama ingali ya moto. Kaanga nyama na vitunguu vingi, paprika na binzari nyembamba, kisha iweke kwenye friji usiku kucha. Mafuta yakishaganda, mchuzi hautoroki wakati wa kukunja. Unayeyuka baadaye humo humo ndani. Ndiyo maana empanada za mkoa wa Tucumán, kule Argentina, huliwa umeinama mbele, la sivyo shati limekwisha. Wao nyama hukatwa vipande vidogo kwa kisu, haisagwi, na viazi ni mwiko. Jirani zao wa Salta wanaweka viazi, basi ubishi hauishi! Chile huongeza yai la kuchemsha, zeituni na zabibu kavu (mimi hizo zabibu hapana). Asiyekula nyama ajaze mahindi mabichi yaliyosagwa, au jibini na vitunguu.

Kingo zisokote kama ukili, na ukichanganya aina, kila aina ipe mkunjo wake ili uzitambue. Oveni nyuzi 220, ikishapata moto kabisa ndipo uziingize.