Kuhusu ujumbe wa "umeshinda Premio ya mnada wa URA"

Ndugu, kama hukutoa dau kwenye mnada wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, utashindaje gari? Huo ujumbe wa kubofya kiungo na kutuma laki tano kabla ya saa kumi jioni ni wa matapeli. Hiyo haraka ndiyo mtego wenyewe.

Kisome kiungo taratibu. Tovuti ya URA ni ura.go.ug, na baada ya "ug" inaruhusiwa mkwaju (/) tu au isiwepo kitu. Ukiona nukta na neno jingine hapo, au kistari kama "ura-mnada", umeshaingia kwa mtu mwingine kabisa. Nembo isikubabaishe, hiyo inanakiliwa kwa dakika moja. Halafu malipo ya URA hulipwa kwa PRN, yaani namba ya usajili wa malipo, hata ukilipia kwa simu. Wakikupa namba ya MTN au Airtel ya "afisa", achana nao.

Matapeli wa eBay, soko la mnada la mtandaoni, nao wana lao: "mshindi kajitoa, chukua wewe." Fungua akaunti yako mwenyewe uangalie, ofa ya kweli utaikuta humo.

Kama uliandika nywila yako kwenye kiungo cha matapeli, ibadilishe sasa hivi, na ya barua pepe pia ikiwa ni ileile. Ulishatuma hela? Pigia kampuni ya simu kabla hawajaitoa.