Barua kwa Atu: kuhusu mdogo wako na ile poda

Atu mwanangu,

Salamu kutoka Uyole. Sisi wazima, baridi tu ndiyo inatusumbua kama kila mwaka mwezi wa 6. Umeniuliza umtumie Lusajo ile poda ya protini anayokuomba au umwache, na kama vyuma anavyonyanyua havitamdumaza. Nakujibu kwa kirefu, maana kuna jambo linaninyima raha, na si poda wala vyuma.

Hilo la kudumaa liondoe moyoni. Tangu naanza uuguzi nalisikia, na si kweli. Kijana wa miaka 16 bado ana gegedu laini kwenye ncha za mifupa, ndipo mfupa unaporefukia. Panapoumia, mara nyingi ni kwa uzito wa kushindana na kunyanyua vibaya bila mtu wa kumwelekeza. Wenzake wametengeneza chuma kwa bomba na makopo mawili ya rangi yaliyojazwa saruji. Nimeyapeleka kwenye mzani wa duka la nafaka: kopo moja limezidi mwenzake kilo 2 nzima! Akikisukuma chuma hicho juu ya kifua, bega moja linabeba zaidi na mgongo unapinda. Nimewaambia watengeneze mengine yanayolingana. Kwa sasa apige pushapu, achuchumae na kuinuka, ajivute kwenye mwamba wa goli, siku 3 kwa wiki zisizofuatana. Akiweza kurudia mara 15 bila mwili kuyumba, ndipo aongeze kidogo. Ule uzito wa kupandisha mara moja tu huku mishipa ya shingo imemtoka, asiuguse mpaka amalize kukua.

Poda usitume. Ana kilo 54. Kijana anayefanya mazoezi ya nguvu anatosheka na gramu 1.2 hadi 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili, yaani kama gramu 65 hadi 86 kwa siku. Mayai mawili yanampa 12, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, vikombe viwili vya maziwa 16, na dagaa wakavu wa kujaza kiganja wanazidi 15. Ugali nao una yake. Vyote hivyo vipo hapa nyumbani, na poda za madukani si zote zenye kile kilichoandikwa kwenye kopo.

Shida yake kubwa ni kwamba ameacha ugali. Ameona kwenye simu kwamba wanga unaficha misuli ya tumbo, basi anakula mboga na kusukuma sahani. Mwanangu, mwili ukikosa wanga unaichoma ileile protini kupata nguvu ya kutembea na kusoma, kisha misuli inajengwa kwa nini? Mtoto anayerefuka hivi, suruali za mwaka jana zimemwishia juu ya kifundo, anatakiwa ale ugali, viazi, ndizi za Tukuyu na parachichi mpaka ashibe. Na alale kwa muda wa saa 8 hadi 10 kila usiku. Simu sasa naichukua saa 3 usiku.

Kinachonitia hofu ni hiki. Nikifua kaptula yake nimekuta vidonge vyeupe vimefungwa kwenye kipande cha daftari, havina jina. Anasema ni vya kujaza mwili. Sijui ni nini, ila nimeuguza watu waliokuwa wakimeza deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe na mzio, ili wanenepe. Uso unakuwa wa duara, maji yanajaa mwilini, wao wanaona wamependeza, kumbe mapaja yanapukutika, maana dawa ile inakula misuli na kudhoofisha mifupa. Ukiizoea na kuikatiza ghafla, yaweza kukuua. Na zile homoni za kutunisha misuli ndizo hasa zinazodumaza: zinafunga mifupa kabla ya wakati, zinanyausha korodani na kumwotesha mvulana matiti.

Anakata tamaa upesi kwa sababu haelewi mwili wake. Wiki za mwanzo nguvu inapanda lakini mkono unabaki uleule, kwa kuwa mishipa ya fahamu ndiyo inayojifunza kwanza. Tena kwa wavulana urefu hutangulia, nyama hufuata baada ya miezi mingi. Rafiki zake waliovunja sauti mapema wamemtangulia kwa hilo tu. Mwambie hivyo, kwako atasikia.

Pesa ya poda nitumie kwenye simu nichukue trei ya mayai na dagaa wa Nyasa. Na Jumapili umpigie, mimi nitakuwa kanisani. Umwulize taratibu, bila kumgombeza, vidonge vile alipewa na nani na amekwisha meza vingapi. Mimi hajaniambia, na lazima nijue kabla sijampeleka kwa daktari.

Mama yako