Maswali ya wasomaji: mtihani wa maandishi haupimi ripotaji

Ninafundisha ripotaji ya redio, yaani habari inayorekodiwa mahali pa tukio, kwa wanafunzi 120. Kwenye mtihani wa maandishi wengi wanapata 14 juu ya 20. Tukiwatuma soko la Kadutu na simu za kurekodi, wanarudi na mahojiano yasiyo na kichwa wala miguu. Kasoro iko wapi? (Asistenti, Bukavu)

Ndugu asistenti, kasoro iko kwenye mtihani. Umepima kama wanakumbuka ripotaji ni nini, haukupima kama wanaweza kuitengeneza. Angalia pia mpango wa somo: ukiwa umeandika "mwanafunzi ataelewa ripotaji", utauonaje huo uelewa? Andika hivi: "Mwanafunzi atatengeneza ripotaji ya sekunde 90, yenye sauti za watu wawili wasio wa upande mmoja, na kila tarakimu iwe imehakikiwa kwa chanzo cha pili." Lengo la namna hii tayari linakuonyesha mtihani utakavyokuwa.

Pointi 20 tungezigawa hivi: uhakiki 7, mpangilio 5, ubora wa sauti 4, lugha 4. Uhakiki unabeba mzigo mkubwa kwa makusudi. Mjini Goma, chini ya mlima wa volkano wa Nyiragongo uliolipuka tarehe 22 Mei 2021, uvumi mmoja hewani unaweza kuzitoa familia nyumbani usiku.

Halafu eleza kila kiwango kwa jambo linaloonekana, maana "nzuri" na "wastani" kila msahihishaji huzisoma kwa namna yake. Mwanafunzi akisema unga wa muhogo umepanda kwa sababu muuzaji mmoja amemwambia, mpe 2 juu ya 7 za uhakiki. Akiuliza wauzaji wawili waliokaa bega kwa bega, 4, kwani huenda wote wananunua kwa mtu yuleyule. Akifika kwa muuza jumla, akataja siku na kipimo, bila kuchanganya bei ya kopo la Guigoz (kopo la maziwa ya unga linalotumika kupimia sokoni) na bei ya kilo, hapo 7 ni haki yake.

Soma maandishi ya ripotaji yake na utoe pointi za uhakiki kabla ya kusikiliza. Sauti tamu humpumbaza msahihishaji, akajikuta ameongeza pointi hata pale ambapo habari haikuhakikiwa. Na kabla ya kugawana kazi, wasahihishaji wote wapime kazi 6 zilezile, kila mmoja peke yake. Mkipishana kwa zaidi ya pointi 3, rekebisheni maneno ya jedwali la vigezo, msikimbilie kugawa tofauti kati kwa kati.

Panga muda vilevile: kazi 120 za sekunde 90 ni masaa 3 ya kusikiliza tu. Kwa upande wa mwanafunzi, krediti 1 ya LMD (mfumo wa digrii za chuo kikuu) ni masaa 25 ya kazi, kwa hiyo safari za sokoni zihesabiwe humo.

Jambo wahariri. Tulifanya kazi ya kikundi tukiwa 6, wawili ndio waliofanya, wote tukapata 15. Ni haki? (Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Goma)

Hapana. Mwombeni mwalimu agawe: 12 za kazi ya pamoja, 8 za mtu binafsi. Kila mmoja alete rekodi zake ghafi, kisha aulizwe kwa dakika 5 kwa nini alikata sehemu hii na kubakiza ile. Ambaye hakushika kazi hawezi kujibu.

Idara yetu inataka kuonyesha kwamba wanafunzi wamefikia malengo. Je, wastani wa pointi unatosha? (Katibu wa idara, Lubumbashi)

Hautoshi, ndugu katibu. Wastani wa 13 unaweza kuficha 2 juu ya 7 kwenye uhakiki, ikifidiwa na lugha safi. Chukueni kigezo kimoja kimoja, mhesabu wangapi wamefika kiwango mlichokubaliana kabla ya kusahihisha. Idara ikiwa kubwa, toeni kazi 30 kwa bahati nasibu, zisahihishwe bila majina na mtu asiyefundisha somo hilo. Dodoso la wanafunzi na barua za redio walikofanya stajé (mafunzo ya kazini) zinasaidia, ila hizo ni maoni. Kazi yenyewe ndiyo ushahidi. Kisha andikeni mtakachobadilisha muhula ujao, nani atakifanya, na kigezo kipi kitapimwa tena.