Saa Mbili Ipi? Namna ya Kumwandikia Wakala wa Akili Mnemba Maelezo ya Zana

Saa nane usiku gari lilipiga honi kwenye geti la nyumba ya wageni kule Raskazone, hapa Tanga. Dereva alikuwa na ujumbe kwenye simu: safari ya Mapango ya Amboni, 02:00. Mgeni mwenyewe amelala fofofo. Kulipokucha mama mwenye nyumba akanipigia, na shikamoo yangu akaiitikia kwa haraka tu: "Marahaba mwanangu. Nani kamwita dereva usiku wa manane?"

Mgeni alikuwa ameandika vizuri kabisa: "Naomba gari kesho saa mbili asubuhi." Wakala niliyemtengeneza (sisemi wakala wa kuweka na kutoa pesa, nasema programu ya akili mnemba inayosoma ujumbe na kutenda kazi) akaita zana ya kuweka safari, yaani kipande cha programu kinachomfanyia kazi hiyo, akajaza 02:00. Nilianza kwa kuilaumu modeli, yaani ile akili mnemba yenyewe inayomwendesha wakala. Kisha nikafungua kumbukumbu za mfumo nione ilikuwa imepewa nini isome. Jina la zana: weka_safari. Maelezo: "Inaweka safari." Kigezo, yaani nafasi ya kujazwa: saa. Basi.

Modeli haioni msimbo wako, yaani maandishi ya programu yenyewe. Inaona jina la zana, maelezo yake na vigezo vyake, na kwa hayo tu ndiyo inaamua iite zana gani na ijaze nini. Huenda inazijua saa za Kiswahili vizuri, lakini haiwezi kujua kigezo chako kinataka saa ya namna gani. Siku ile nikaandika upya:

"Huweka safari ya gari kwa mgeni ambaye tayari ana chumba. Ita zana hii baada tu ya mgeni kukubali siku, saa na mahali. Kwa maswali ya nauli tumia angalia_nauli. Kigezo saa_ya_kuondoka ni cha mfumo wa saa 24. Mgeni akisema saa mbili asubuhi, andika 08:00. Saa nane mchana, 14:00. Saa mbili usiku, 20:00. Asipotaja ni asubuhi au usiku, muulize kwanza."

Ona kwamba hata jina la kigezo nimelibadilisha. "Saa" peke yake inaweza kuwa muda wa kuondoka, muda wa kufika, hata idadi ya saa za safari. Tarehe nayo ina mtego wake: modeli haijui leo ni tarehe ngapi mpaka uiambie, kwa hiyo "kesho" na "keshokutwa" zitakuletea siku za kubahatisha. Nikaweka tarehe ya leo kwenye maagizo ya mwanzo, na kwenye kigezo nikaeleza mpangilio: mwaka, mwezi, siku.

Sentensi inayosema zana isitumike lini ina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani. Nilikuwa na tafuta_chumba na weka_chumba, zote mbili zikielezwa kwa "vyumba vya wageni". Mtu akiuliza tu kama kuna nafasi Ijumaa, anakuta ameshawekewa chumba. Zana inayosoma na zana inayobadilisha kitu zitofautishwe waziwazi. Hata hivyo, maelezo si kufuli. Panapohusika pesa, uthibitisho wa mteja uwekwe ndani ya msimbo, usitegemee utii wa modeli.

Jambo lililoniuma zaidi lilikuwa majibu ya zana. Intaneti ikikatika, tafuta_chumba ilirudisha orodha tupu, na wakala akawajibu watu kwa adabu zote kwamba vyumba vimejaa. Mama wa watu alikuwa na vyumba vitupu, wateja wanageuzwa! Siku hizi zana inarudisha maneno: "Daftari la vyumba halipatikani kwa sasa. Hii haimaanishi vyumba vimejaa. Mwambie mgeni utamjibu baadaye." Ujumbe wa hitilafu nao ni maelezo, tena modeli inausoma wakati inapouhitaji hasa.

Kuhusu urefu: maelezo hutumwa pamoja na kila ombi, na katika modeli nyingi Kiswahili hula tokeni (vipande vya maneno ambavyo modeli husoma) nyingi kuliko Kiingereza. Punguza mapambo, usipunguze mifano. Mimi naandika kwa Kiswahili kwa sababu maneno ya wageni wangu ni ya Kiswahili, na mfano wa saa mbili hautafsiriki bila kupoteza kitu.

Uzito wa jambo hili umeongezeka tangu kampuni ya Anthropic ilipotoa Model Context Protocol, utaratibu wa pamoja wa kuunganisha zana na mawakala, Novemba 2024. Zana uliyoiandika leo inaweza kuunganishwa na wakala wa mtu mwingine, kwa modeli ambayo hukuwahi kuijaribu, na atakachokuwa nacho huyo ni yale maandishi yako.

Kabla hujaikabidhi kazi, ijaribu kwa ujumbe halisi. Niliomba ruhusa kwa mama, nikachukua maswali thelathini ya wageni wake, nikayafutia majina na namba za simu, nikayapitisha kwa wakala huku nikiangalia kila zana aliyoita na kila alichojaza. Pale alipokosea, nilirudi kwenye maelezo ya zana ile kabla ya kugusa kitu kingine. Swali la ishirini na mbili lilikuwa fupi: "Tuje saa moja?" Wakala akajibu, "Saa moja ya asubuhi au ya jioni?"