Maswali ya Wasomaji: Baba alipiga picha za wote, yeye mwenyewe hayumo

SWALI: Ndugu wahariri, marehemu baba yetu alikuwa mpiga picha kwa zaidi ya miaka 30, na kila alipopata nafasi alitupiga sisi na mama. Ametuachia masanduku matatu ya negativu, ile mikanda ya filamu iliyotoka kwenye kamera. Tunataka kutengeneza kitabu cha kumkumbuka, lakini katika albamu za nyumbani yeye haonekani kabisa. Isitoshe, baadhi ya bahasha zinanuka siki. Tuanzie wapi? – Kifungua mimba wake

JIBU: Poleni sana kwa msiba. Msianze na skana, anzeni na mama na wazee wanaozijua sura. Negativu iliyotunzwa vizuri itawangoja miaka mingi, majina hayangoji. Kaeni nao mkipitia picha zilizokwisha kuchapwa, simu ikirekodi sauti, na nyuma ya kila picha mwandike kwa penseli laini ya 2B: nani, wapi, mwaka gani, hata kama ni “karibu 1984”. Kalamu ya wino iacheni, wino hupenya hadi upande wa mbele.

Kwenye masanduku tunawasihi jambo moja: msitupe fremu (picha moja moja ya mkanda) “mbaya”, wala msivuruge mpangilio aliouacha. Mkanda wa milimita 35 kwa kawaida una fremu 36, hukatwa vipande vya sita sita, na ukingoni mna namba. Mkizipanga kwa kufuata namba hizo, mtaona jinsi alivyokuwa akitazama. Tuseme fremu ya 9 hadi ya 13 ni mtoto yuleyule: ya kwanza amejikaza kwa ajili ya kamera, ya tatu kamera imesogea karibu, ya tano mtoto ameshaisahau, anacheza. Iliyoingia kwenye albamu ni hiyo ya tano tu. Subira ya baba yenu imo katika zile nne za mwanzo. Kila mkanda upeni namba, mfano 1984-03, yaani mkanda wa tatu wa mwaka 1984. Fremu yake ya 17 itakuwa 1984-03-17.

Naye mtamwona humohumo. Angalieni vivuli vinavyoingia kwenye picha kutoka chini jua likiwa mgongoni mwake, na vioo vya kabati na madirisha. Katika picha za familia nzima, kamera iliyotegwa kujipiga humpa mpiga picha sekunde 10 hivi za kukimbilia nafasi yake, kwa hiyo mtazameni aliye pembeni kabisa, pengine sura yake imecheza kidogo. Na msizidharau fremu zilizoinama, zilizopigwa kutoka chini na kukata kichwa cha mtu mzima: mara nyingi hapo kamera ilikuwa mikononi mwa mtoto, na mtu mzima huyo ni yeye.

Harufu ya siki ni mkanda wa aseteti (aina ya plastiki) unaooza. Joto na unyevu huuchochea, nao hutoa asidi ambayo huharakisha uozo wake wenyewe na kuambukiza mikanda ya jirani. Hatimaye hujikunja, husinyaa, na tabaka la picha huchanika. Dawa ya kuurudisha hakuna. Itengeni mikanda hiyo leo, muiwekee chumba chenye hewa na ubaridi, na muiskani kabla ya mingine. Mizima iwekeni kwenye mifuko ya poliesta, polipropilini au karatasi isiyo na asidi. Mifuko ya plastiki ya PVC iepukeni, huharibu tabaka la picha.

Wakati wa kuskani, shikeni ukingo tu mkiwa na glavu za pamba. Vumbi liondoeni kwa pampu ya mpira, maana ukipuliza kwa mdomo mate hurukia mkanda. Upande usiong'aa ndio wenye tabaka la picha. Ukubwa wa dpi 3200 (nukta 3200 kwa kila inchi) hutoa takriban pikseli milioni 14 kwa fremu ya milimita 35, unatosha kabisa. Hifadhini kwa TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha. Kwa mikanda ya kawaida ya nyeusi-nyeupe, zimeni ufutaji vumbi wa skana unaotumia infraredi (mionzi isiyoonekana kwa macho): chembe za fedha zinazounda picha huzuia mionzi hiyo, na skana hudhani picha yenyewe ni uchafu. Nakala ziwe tatu, mojawapo ikae nyumba nyingine.

SWALI: Kamera ya marehemu mume wangu nadhani bado ina mkanda ndani. Nifungue?

JIBU: Pole, mama. Usifungue mlango wa nyuma. Zungusha taratibu kitufe cha kurudishia mkanda: kikikaza baada ya mizunguko michache, mkanda umo. Bonyeza kidude kilicho chini ya kamera, kisha endelea kuzungusha mpaka kilegee ghafla. Ukikuta jina Kodachrome (mkanda wa rangi wa Kodak), usafishaji wake wa rangi ulikoma mwishoni mwa 2010. Siku hizi hutolewa nyeusi-nyeupe. Kwa mikanda mingine ya rangi iliyokaa muda mrefu, mwambie fundi umri wake kabla hajaitia dawa. Betri itoe pia, ikivuja hula shaba za ndani.

SWALI: Picha ya harusi ya wazazi imeganda kwenye kioo cha fremu. Tuibandueje?

JIBU: Msiibandue, wala msiilowanishe. Unyevu umelainisha jelatini, yaani tabaka linalobeba picha, ikashika kioo, na mkivuta, sura zitabaki kwenye kioo. Ondoeni fremu tu, muiskani pamoja na kioo chake kikiwa kimelala juu ya skana. Kama mtaipiga kwa kamera, wekeni taa mbili pande zote kwa nyuzi 45, na kitambaa cheusi nyuma ya kamera ili kioo kisirudishe sura yenu. Itundikeni nakala, nayo iwe na ukingo wa kadibodi unaoitenga na kioo. Ya asili ilazeni bapa ndani ya boksi, kioo kikiwa chini.