Sikumpa mtu nambari ya siri, wameibaje?

SWALI: Mhandisi, hujambo. Nauza viatu vya mitumba hapa Kibuye, Kisumu, na wateja wangu wengi nawapata mtandaoni. Mizigo natuma kwa matatu hadi Nakuru na Eldoret. Ijumaa moja jioni laini yangu ilikosa mtandao. Nikadhani ni shida ya kawaida, nikalala. Kufikia asubuhi Sh64,000 zilikuwa zimetoka kwenye akaunti ya benki niliyoiunganisha na simu. Siku mbili kabla, mtu alinipigia akidai anasasisha usajili wa laini, nikampa nambari ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa, basi. Nambari ya siri sikumpa mtu. Tangu hapo nimebadilisha nambari ya siri na kuweka programu ya kuua virusi. Sasa kuna kijana kwenye Telegram anayejiita mdukuzi halali. Anasema atazifuata hizo pesa azirudishe nikimtumia Sh7,500 kwanza. Nimtumie? Na kuna programu gani nyingine ya kunikinga?
– Muuza viatu, Kisumu

JIBU: Usimtumie hata shilingi moja. Pole sana kwa hasara, dada, na nitakueleza la kufanya kuhusu pesa zako. Lakini huyo wa Telegram ananiudhi kuliko hata aliyekuibia, maana anawavizia watu wakati wameumia na wako tayari kuamini lolote.

Pesa zako hazikai ndani ya simu, wala haziko hewani zikingoja mtu hodari azinase. Ni maandishi kwenye daftari la benki, kama vile mwenye duka anavyoandika deni lako kwenye daftari lake: wewe unaweza kulisoma, lakini mwenye kuandika ni yeye. Kurudisha Sh64,000 maana yake ni benki au kampuni ya simu iliyoshika daftari iandike upya. Hakuna kijana wa Telegram mwenye kalamu hiyo. Na pesa zikishatolewa kwa wakala zimekuwa noti, na noti iliyo mfukoni mwa mtu haifuatwi kwa kompyuta.

Mwendo wao naujua kwa sababu waathiriwa huniletea mazungumzo yote. Wanakaa kwenye kurasa za mabenki na makundi ya wafanyabiashara wakisoma malalamiko, kisha wanamwandikia mlalamikaji faraghani. Ukilipa ile ya kwanza unatumiwa picha ya skrini yenye jina lako na maneno kwamba pesa zimepatikana. Halafu inakuja ada ya kuzifungua, halafu kodi. Mwisho wanakuomba nambari ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu yako, ili "wakurudishie". Hapo wanachukua kilichobaki. Hilo neno halali wanalojipachika linanikera kweli. Mdukuzi halali huajiriwa na mwenye mfumo, kwa mkataba, ili atafute matundu kwenye mfumo huo. Akiingia kwenye akaunti ya mtu mwingine bila idhini ametenda kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018, hata akidai anamsaidia mjane.

Sasa hiyo programu ya kuua virusi. Simu yako haikuguswa, dada. Hili ndilo watu wanakataa kulielewa, nami nalirudia kila wiki. Mwizi alitumia kitambulisho chako na mwaka wako wa kuzaliwa kuhamisha nambari yako hadi kwenye kadi ya laini aliyonayo yeye. Ndiyo maana mtandao ulikatika kwako: nambari ilikuwa imeshahamia kwake. Kisha akafungua programu ya benki, akabonyeza kwamba amesahau nambari ya siri, na ujumbe wa uthibitisho ukaingia kwenye simu yake. Akaweka nambari ya siri mpya. Ile yako ya zamani hakuihitaji hata kidogo. Kwa hivyo ukijitetea kwamba "sikumpa mtu", unasema kweli, lakini unalinda mlango ambao hakuupitia. Ujumbe mfupi kama njia ya kuthibitisha una udhaifu huu duniani kote. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, tangu 2017 imeuweka kwenye kundi la njia za kutumiwa kwa tahadhari maalumu.

Sisi tunaofanya kazi ya kunasa wizi kwenye mifumo ya benki tunapambana vipi na mwizi wa namna hiyo? Kila kadi ya laini ina utambulisho wake uitwao IMSI. Nambari yako ikihamishwa, tarakimu unazowapa wateja zinabaki zile zile lakini IMSI inabadilika. Mfumo mzuri wa benki huuliza kampuni ya simu, kabla ya kupitisha malipo makubwa, IMSI ya nambari hii ilibadilika lini. Ikiwa ni jana, malipo yanasimamishwa. Tunaangalia pia kama simu ni mpya, kama nambari ya siri imebadilishwa punde, kama anayelipwa hajawahi kulipwa na akaunti hiyo, na kama pesa zinatoka mfululizo usiku. Dalili moja pekee haitoshi. Zikija nne kwa pamoja ndani ya nusu saa, tunazuia.

Baada ya hapo ni mbio. Pesa iliyoibwa huingia kwenye akaunti ya kwanza, inagawanywa kwa laini kadhaa, kisha inatolewa kwa mawakala katika miji tofauti. Kila kituo ni nafasi ya kuizuia, na kila dakika inapunguza nafasi hizo. Wezi wanapenda Ijumaa jioni kwa sababu tawi la benki limefungwa na wengi husubiri Jumatatu. Laini ikikosa mtandao ghafla ilhali wa jirani anao, usilale. Azima simu, pigia kampuni ya simu na benki saa hiyo hiyo, uwaambie wafunge kila kitu.

Kwako wewe sasa: piga ripoti polisi upewe nambari ya OB (ya kitabu cha matukio cha kituo), uandikie benki rasmi ukiiambatisha. Uliza kwa maandishi laini ilihamishwa saa ngapi, kupitia wakala au duka gani, na kama benki ilikagua mabadiliko hayo kabla ya kuachilia pesa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zako. Wakikuzungusha, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, na kuhusu benki yenyewe, kwa Benki Kuu. Sikuahidi kwamba pesa zitarudi. Lakini kama benki iliruka ukaguzi, barua hizo ndizo zitakazokupa mahali pa kusimama.

Kuhusu kinga, programu ya kununua sina. Laini unayoitangaza kwa wateja isiwe ndiyo inayofungua benki. Nunua nyingine, usiichapishe popote, uiunganishe hiyo na akaunti. Kama ni ya Safaricom, piga *100*100# ili isiweze kuhamishwa na wakala yeyote isipokuwa kwenye duka lao. Na ukumbuke kwamba Safaricom humpigia mteja kutoka 0722 000 000 peke yake.

Wengine mnaosoma msijione salama kwa kuwa laini zenu hazijahamishwa. Kadiri mabenki yanavyozidi kunasa laini zilizohamishwa, wezi wanaacha kuiba laini na wanamshawishi mwenye akaunti atume pesa mwenyewe. Anakupigia mtu anayejua jina lako na salio lako, anakwambia akaunti inashambuliwa, uhamishe pesa mahali salama. Au unatumiwa kwenye WhatsApp faili la kusakinisha, linalodai ni mwaliko wa harusi au mkopo wa haraka. Au unaombwa uweke programu ya kuonyesha skrini "ili tukusaidie". Hapo mashine zetu zinaona simu yenyewe, kidole chenyewe, nambari ya siri sahihi, na hazina la kushuku. Uingereza iliamua kuanzia tarehe 7 Oktoba 2024 kwamba benki zimlipe aliyelaghaiwa hivyo, hadi pauni 85,000. Kwetu hakuna kanuni kama hiyo. Ukibonyeza mwenyewe, hasara kwa kawaida ni yako. Kwa hiyo benki ikikuchelewesha au ikikuuliza mara ya pili unamtumia nani, tulia ujibu. Kinachonisikitisha ni kuona mteja akimfokea mhudumu aliyekuwa anajaribu kumwokoa, kisha anarudi kesho yake akilia.

Kuna jambo moja zaidi, na hili nawaambia hasa vijana wa Kisumu na Nakuru. Zile laini na akaunti ambazo pesa za wizi hupitia, nyingi zimesajiliwa kwa majina halisi ya watu wanaoishi hapa hapa. Mtu amepewa pesa kidogo aazimishe kitambulisho chake, au akaunti yake ipitishe "malipo ya biashara" kisha abaki na asilimia fulani. Sheria ya mwaka 2009 ya kuzuia utakatishaji wa fedha haimtafuti aliyetunga wizi peke yake. Polisi wakifuata njia ya pesa, wa kwanza kugongewa mlango ni yule mwenye laini, na wakati huo aliyemkodisha ameshazima simu. Kama tayari umeshamwachia mtu laini yako, nenda leo kwenye duka la kampuni ya simu uifunge, uombe stakabadhi yenye tarehe, na uitunze.